Mtoto anang'ata wenzake, kuna apu ya kumtuliza?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja: walimu wa chekechea, watoto wanaosumbua, na simu au tableti ambayo kila mtu anaamini itamaliza kazi. Nimeziweka pamoja, nyingine nimezikata maana zilikuwa ndefu kuliko majibu. Majina nimeyatoa, hawa ni watoto wa watu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha watoto wa miaka minne, nina msaidizi mmoja. Kuna mtoto wa kiume, jamani, anang'ata, anarusha vitu, ukimwambia kaa anajitupa chini anapiga kelele mpaka darasa la jirani wanakuja kuchungulia. Nimeongea na mama yake anasema nyumbani yuko sawa kabisa. Sasa shule imenunua tableti na mkuu wa shule kaniambia nitafute apu nzuri ya kudhibiti tabia. Nimeziona nyingi mpaka nimechanganyikiwa. Nichukue ipi?

Marahaba ticha. Kwanza usichukue yoyote. Siichukii tableti, ila apu nyingi za kudhibiti tabia zinaanza kazi wakati mtoto ameshang'ata: zinampunguzia nyota, zinamtumia mama ujumbe, basi. Wewe unachotaka kujua ni kilichotokea dakika moja kabla meno hayajafika kwenye mkono wa mwenzie, na hicho hamna apu inayokijua, ulikiona wewe, shida ni kwamba siku ikiisha umeshakisahau maana kulikuwa na mwingine analia, mwingine kajikojolea na mwingine anataka umfunge kamba za viatu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya hiyo tableti, au hata simu yako ya mfukoni, ni kukukumbukia. Tengeneza fomu fupi, zile fomu za bure za kwenye intaneti zinatosha, iwe ya kubonyeza tu sio ya kuandika insha: saa ngapi (hii fomu inajiwekea yenyewe), mlikuwa kwenye shughuli gani, nani alikuwa karibu yake, nini kilitokea kabla tu, yeye akafanya nini, na mwisho wewe ukafanya nini. Hicho cha mwisho ndo walimu wengi wanakiruka, wanaona kama wanajichongea. Usikiruke, mara nyingi jibu limekaa hapo hapo. Ukimaliza kumtuliza mtoto na aliyeumizwa ameshahudumiwa, ndo unabonyeza, nusu dakika. Usinikimbilie tableti wakati mtoto ana kiti mkononi.

Mbinu yenyewe ni ya zamani sana kuliko simu zetu. Sidney Bijou na wenzake waliieleza mwaka 1968, wakamtazama mtoto wa shule ya awali na kuandika kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata, kalamu na karatasi tu. Simu imeongeza mambo mawili: saa inaandikwa bila wewe kukisia, na mwisho wa wiki inakuchorea grafu bila wewe kukaa na rula usiku.

Fanya hivo kwa wiki mbili, wala usibadilishe kitu kingine. Halafu kaa na msaidizi wako muangalie. Tuseme mnaona matukio mengi yako kwenye ile dakika ya "haya wote tukusanye vitu", na karibu kila mara aliyeng'atwa ni aliyenyoosha mkono kuchukua kitu alichokuwa anachezea yeye. Hapo huna tena "mtoto mkorofi", una mtoto ambaye hajui kuacha mchezo ghafla na hana maneno ya kusema bado sijamaliza. Au mnaona anajitupa chini kila mkifika kwenye kuandika, na kila akijitupa anatolewa nje apumzike, sasa si amepata alichotaka? Hapo utaona kwa nini nimekwambia uandike wewe ulifanya nini.

Wanaosoma tabia za watoto wanasema kwa jumla mtoto anafanya hayo kwa moja ya sababu nne: anataka mtu amwangalie, anataka kukwepa jambo, anataka kitu fulani, au mwili wenyewe unafurahia au unatulia kwa kile anachofanya. Tabia inaweza kuwa ile ile moja, kung'ata, lakini sababu tofauti, na dawa inafuata sababu. Anayeng'ata ili aangaliwe ukimpigia kelele mbele ya darasa umemlipa. Anayeng'ata ili akwepe ukimtoa nje umemlipa pia, kwa noti nyingine tu.

Sasa hapa ndo vifaa vinapoingia. Kwa yule wa kuacha mchezo, tumia taima ya kuonekana, ile ambayo rangi inapungua kadiri muda unavyoisha, maana mtoto wa miaka minne ukimwambia dakika tano hazina maana yoyote kichwani mwake, lakini rangi inayoisha anaiona. Iwe ya kwenye tableti au ya kuzungusha kwa mkono sawa tu, ila kama ni ya tableti iweke juu asiigombanie, la sivyo umeongeza ugomvi mwingine. Halafu picha za ratiba: piga picha kwa simu watoto wenyewe wakiwa kwenye kila shughuli, wakikaa kwenye mkeka, wakinawa, wakila, wakicheza nje, ziprinti, zipange ukutani kwa mfuatano. Mtoto akijua kinachofuata hofu inapungua, na picha ya darasa lake mwenyewe anaielewa haraka kuliko vikatuni vya kununua. Jambo la tatu ndo kubwa kuliko yote, mfundishe cha kufanya badala yake. Rekodi video fupi, nusu dakika hivi, watoto wawili wanaigiza: mmoja anashika gari, mwingine ananyoosha mkono, wa kwanza anasema "bado natumia", wa pili anasubiri, anapewa. Muonyeshe asubuhi kabla ya kucheza, sio baada ya ugomvi. Watoto wanaiga wanachokiona, Albert Bandura alilionyesha hilo tangu 1961 kwa watoto wa shule ya awali waliotazama mtu mzima akipiga mdoli, wakaenda nao wakaupiga vile vile. Yeye alionyesha kuiga ubaya, wewe tumia mlango huo huo kupitisha wema.

Jiandae na kitu kimoja. Ukiacha kumlipa kwa ile njia ya zamani, siku za mwanzo huenda akazidisha, akapiga kelele zaidi, akarusha zaidi, na hapo ndo walimu wengi wanasema njia hii haifai wanarudi kwenye kupiga kelele. Endelea kujaza fomu yako. Ile grafu itakuonyesha inapanda kidogo halafu inashuka, na kama baada ya wiki tatu haijashuka basi mmekisia sababu vibaya, rudini mwanzo mkatafute sababu nyingine. Bila grafu utakuwa unahukumu kwa uchovu wa Ijumaa.

Na mama yake huenda anasema kweli. Nyumbani hakuna watoto ishirini wanaotaka gari moja. Halafu umri wenyewe: Richard Tremblay wa Kanada, ambaye amefuatilia watoto kwa miaka mingi, anasema kupiga, kung'ata na kusukumana kuko juu zaidi kati ya miaka miwili na minne, baadaye kunapungua kwa watoto wengi wakishajifunza njia nyingine. Kwa hiyo mtoto wako yuko kwenye kilele cha mlima, sio mwanzo wa ujambazi kama msaidizi wako alivyoandika kwenye barua yake aliyonitumia (nimeiona, mwambie apunguze).

SWALI: Mwalimu habari. Shule ya mwanangu wa miaka mitano wanatumia apu ya pointi, kila mtoto ana kikatuni chake kwenye skrini kubwa ukutani, akifanya vizuri mlio wa furaha, akikosea mlio mbaya na pointi inatoka mbele ya wote. Mimi napata taarifa kwenye simu kila mara. Mtoto sasa asubuhi anauliza "leo nitapata ngapi" na juzi kakataa kwenda. Nimkaripie au niikatae hiyo apu?

Mtoto usimkaripie, hajakosea kitu. Na apu usiifukuze kabla hujaongea na mwalimu, maana nyingi unaweza kuzirekebisha humo humo.

Mimi hilo la skrini ukutani nalikataa moja kwa moja. Mtu mzima kazini kwako wakiweka skrini na mlio kila ukikosea utaacha kazi, sasa huyu wa miaka mitano aende wapi? Mwombe mwalimu vitu vitatu: pointi za kutoa azizime kabisa abaki na za kuongeza, skrini isionekane na watoto, na wewe upate taarifa moja mwisho wa siku badala ya simu kulia kila saa ukiwa kazini halafu unamsubiri mtoto mlangoni na uso umekunjwa.

Kuhusu zawadi zenyewe kuna jaribio moja zuri la mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali ambao tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine wakaahidiwa cheti wakichora, wengine wakapewa cheti cha kushtukizwa, wengine hawakupewa kitu. Siku za baadaye zile kalamu zikawekwa mezani bila zawadi yoyote, na wale walioahidiwa cheti wakachora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Yaani ahadi ya zawadi iliua hamu waliyokuwa nayo. Ona lakini, hawa walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Kwa jambo ambalo mtoto halipendi kabisa, mfano kukusanya vitu, zawadi ndogo ya kuanzia inaweza kusaidia kisha unaipunguza pole pole. Kinachonikera ni kugawa pointi kwa kila kitu, mtoto kamkumbatia mwenzake aliyelia, pointi, kasema asante, pointi, sasa utu wote umekuwa wa kuhesabiwa.

Nyumbani acha kuuliza umepata ngapi. Muulize alicheza na nani.

SWALI: Mimi ni mmiliki wa kituo cha kulelea watoto. Kuna watu wamekuja kuniuzia kamera zenye akili bandia, wanasema zinasoma uso wa mtoto zinajua kama ana hasira au huzuni, na zinamtahadharisha mwalimu kabla vurugu haijaanza. Naona kama ni jambo zuri litapunguzia walimu mzigo. Unashauri?

Ndugu yangu usinunue. Na nitakwambia kwa nini kwa urefu kidogo maana hawa watu wanaongea vizuri.

Kwanza uso hausomeki hivyo. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti nyingi sana za sura na hisia wakasema wazi kwamba huwezi kuangalia tu uso ukajua kwa uhakika mtu anahisi nini, watu hukunja uso wakiwa wanafikiri, hutabasamu wakiwa na hofu. Hao ni watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu anayejaribu kuvaa kiatu mwenyewe ana sura ya mtu anayetaka kuua.

Pili sheria. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya akili bandia mwaka 2024, na katika mambo machache iliyoyapiga marufuku kabisa mojawapo ni mifumo ya kukisia hisia za watu shuleni na kazini, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Marufuku hiyo imeanza kutumika 2 Februari 2025. Hata kama wewe uko mbali na Ulaya jiulize kwa nini kitu walichokizuia kwa watoto wao kinatafuta soko kwingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha, na huyu wa miaka mitatu hawezi kukataa kamera, wewe ndo unakataa kwa niaba yake.

Tatu, na hili ndo linaniumiza zaidi, mashine inafundishwa na watu na watu wana macho yenye upendeleo. Walter Gilliam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2016 waliwaonyesha walimu wa awali wa Marekani video za watoto wanne, weusi na weupe, wavulana na wasichana, wakaambiwa watazame kama kuna tabia mbaya inataka kuanza. Hakukuwa na tabia mbaya yoyote kwenye hizo video. Kifaa kilichokuwa kinafuatilia macho yao kikaonyesha wametumia muda mrefu zaidi kumwangalia mvulana mweusi. Sasa kila sehemu ina mtoto wake wa namna hiyo, yule ambaye macho ya watu wazima yanamfuata kabla hajafanya kitu, na ukiweka mashine inayotoa tahadhari kila wakati juu yake umempa mwalimu sababu ya kisayansi ya kumchukia.

Kamera za kawaida za usalama, za getini na ukumbini, hizo ni jambo jingine, weka ila wazazi wajue zipo, zinahifadhi picha siku ngapi na nani anaziangalia. Na kama una hela ya kuwapunguzia walimu mzigo kweli, ongeza mwalimu msaidizi mmoja. Huyo anasoma nyuso vizuri na anaweza kumbeba mtoto.

SWALI: Mimi ni mwalimu msaidizi. Mtoto akianza kulia sana mimi nampa simu yangu aangalie katuni, ananyamaza saa hiyo hiyo. Mwalimu mkuu amenigombeza. Si bora anyamaze kuliko asumbue wote?

Anayekugombeza ana haki, ila angekueleza sababu.

Simu inanyamazisha kweli, hakuna ubishi. Tatizo ni anachojifunza mtoto: nikilia sana napewa simu. Kesho atalia mapema zaidi. Na kuna la pili, ile nafasi ya kujifunza kutulia mwenyewe imepita bila yeye kufanya zoezi. Jenny Radesky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa utafiti mwaka 2022 wa watoto wa miaka 3 hadi 5, wakaona wale ambao wazazi wanawatuliza kwa simu na tableti mara kwa mara walikuja kuwa na hisia za kupanda na kushuka haraka zaidi miezi iliyofuata, na ilionekana zaidi kwa wavulana na kwa watoto ambao tayari ni wa moto. Yaani wale wale ambao mkono wako unakwenda mfukoni haraka. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya kukaa na skrini kwa siku, na ikipungua ndo vizuri zaidi, sasa ukijumlisha na ya nyumbani saa hiyo imeshaisha kabla hajafika kwako.

Badala yake kaa naye chini, usawa wa macho, ongea kidogo sana. Mtoto akiwa juu kabisa ya hasira hasikii hotuba. Kona ya kutulia yenye mto, vitabu na picha za kupumua inasaidia. Kama lazima simu, itumie wewe: weka mlio wa mawimbi au wimbo wa taratibu darasa zima lisikie, skrini ikiwa imefichwa.

Sasa sikia vizuri maana hapa watu wanachanganya. Kama darasani kuna mtoto asiyeongea, au anayeongea kwa shida, na ana tableti yenye picha anazobonyeza zinasema "maji", "inauma", "sitaki", hiyo sio katuni. Hiyo ni sauti yake. Haichukuliwi kama adhabu, haihesabiwi kwenye muda wa skrini, haipewi mtoto mwingine achezee, na haiachwi bila chaji. Njia ya kadi za picha za kubadilishana ilianza Marekani mwaka 1985 kwa Andy Bondy na Lori Frost, wakiwa na watoto wadogo wenye usonji, na mpaka leo kadi za karatasi zinafanya kazi vizuri kabisa pale tableti haipo. Kung'ata na kupiga kwingi kwa watoto hawa kunapungua siku wanapopata namna ya kusema "sitaki" na mtu akaiheshimu. Hilo la pili ndo gumu. Kuna walimu mtoto anabonyeza "sitaki" wao wanaendelea kumlisha.

SWALI: Nasimamia walimu wapya sita. Nikiingia darasani kuwaangalia, watoto wote wanageukia mimi na mwalimu anatetemeka. Kuna njia ya kuwasaidia bila kukaa pale?

Ipo. Mwalimu anavaa kifaa kidogo cha sikioni kisicho na waya, wewe uko chumba kingine unatazama kupitia simu aliyoiegesha kwenye kabati, unamnong'oneza maneno machache: "msifie huyo anayesubiri", "msogelee usimwite kwa mbali". Njia hii imejaribiwa sana kwenye mafunzo ya walimu wa watoto wadogo na inafanya kazi kwa sababu ushauri unafika wakati jambo linatokea, sio jioni ofisini wakati mwalimu ameshasahau mtoto gani. Ongea kidogo lakini, ukigeuka redio utamvuruga. Anayeona aibu mwache ajirekodi mwenyewe dakika kumi, ajitazame akiwa peke yake, ahesabu ni mara ngapi amemsifia mtoto kwa jambo analolitaja na mara ngapi amekemea. Wengi hawahitaji msimamizi baada ya hapo. Video ifutwe wiki hiyo hiyo, na wazazi wawe wamesaini kukubali mwanzo wa mwaka.

Kitu kingine rahisi, simu mfukoni iwekwe itetemeke kila baada ya dakika kumi. Ikitetemeka tu mwalimu anatafuta mtoto anayefanya vizuri anamwambia: "Umempisha mwenzako kwenye bembea, nimeona." Hakuna haja ya kuandika popote.

SWALI: Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi mwalimu ametuma video ya mtoto wangu akiwa anajigaragaza na kulia, akaandika "wazazi tusaidiane malezi". Nimelia. Nifanye nini?

Pole sana mama. Leo hii, sio kesho, muandikie mwalimu pembeni na sio kwenye grupu, afute kwa wote, na omba mkuu wa shule awaombe wazazi waliohifadhi nao wafute. Weka picha ya skrini ya ujumbe huo kabla haujafutwa, uwe nayo kama suala litakwenda mbele. Kisha dai shule iandike utaratibu: habari za tabia za mtoto zinakwenda kwa mzazi wake tu, kwa simu au ana kwa ana, bila video.

Na walimu mnaosoma hapa, mkiwa na ushahidi wa video ambao kweli unahitajika kwa mtaalamu, kaeni na mzazi muangalie pamoja kwenye kifaa cha shule. Usipite kwenye simu yako binafsi ambayo jioni watoto wako wanachezea gemu.

SWALI: Mwalimu sisi hatuna tableti, intaneti inakuja na kupotea. Haya mambo yenu yanatuhusu?

Yanawahusu sana. Simu ya vitufe inaweza kuweka alamu ya kukukumbusha kusifia. Kuhesabu matukio weka punje za mahindi au vifungo kwenye mfuko wa kulia, kila likitokea hamisha moja kwenda kushoto, mwisho wa siku unahesabu unaandika kwenye daftari na saa yake. Ratiba ya picha chora mwenyewe. Chupa mbili zilizounganishwa na mchanga ndani ndo taima yako, na watoto wanaipenda kuliko ya skrini.

SWALI: Lini nijue kwamba hili sasa ni la mtaalamu, sio langu tena?

Mtoto akijiumiza mwenyewe, au akiumiza wengine mpaka ngozi inachanika, usisubiri grafu. Akipoteza kitu alichokuwa nacho, alikuwa anaongea akaacha, alikuwa anajitegemea chooni akaacha, usisubiri pia. Kwa wengine, ukishajaribu mpango mmoja vizuri, ukabadilisha sababu ukajaribu wa pili na bado hakuna kinachoshuka, peleka. Anza na masikio, kuna watoto wanaitwa wakaidi mwaka mzima kumbe maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, wanasikia nusu ya maneno. Uliza analala saa ngapi na kama anakoroma. Uliza kama kuna mabadiliko nyumbani, mtoto mpya, msiba, wazazi kutengana, na uliza kwa upole maana mzazi anakuja akiwa tayari anajilaumu. Ukiona au ukisikia dalili kwamba anapigwa au anafanyiwa kitu kibaya, hiyo inakwenda kwa anayehusika na ulinzi wa mtoto siku hiyo hiyo, haingoji kikao.

Na unapokwenda kwa mtaalamu au ukimtuma mzazi, mpe ile karatasi ya fomu iliyoprintiwa: saa, shughuli, kilichotangulia, kilichofuata. Daktari ana muda mfupi na mtoto mbele yake atakaa kimya kama malaika, kwa hiyo bila karatasi hiyo utabaki unasema "huwa anasumbua sana" na yeye atakwambia mpe muda.